Viza ya Furaha

Kaeni vizuri niwaeleze habari za nchi moja, na mwenye kucheka acheke mapema, maana huko mbele sijui kama atapata nafasi. Jina la nchi yenyewe silitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba Waziri wa Majina yuko safarini tangu mwaka juzi, na bila saini yake hakuna ruhusa ya kulitamka. Itoshe kusema kuwa ni nchi nzuri, ina amani, ina foleni, na watu wake ni wapole mpaka wageni huwapiga picha.

Nchi hiyo ilikuwa na rafiki mkubwa ng'ambo, nchi iitwayo Neemani. Mtu wa Neemani akitaka kuja kutembea, alipanda ndege akaja. Hakuulizwa viza, hakuulizwa anafuata nini, na pale uwanja wa ndege alivishwa shada la maua na kupigiwa ngoma na kikundi cha akina mama waliolipwa soda. Na mtu wa nchi ile akitaka kwenda Neemani, naye alikuwa huru kabisa kutaka.

Siku ya kutia saini mkataba wa urafiki huo, Waziri wa Safari alipanda jukwaani akakohoa kwa niaba ya Serikali. "Ndugu wananchi!" akasema. "Wapo wachochezi wanaodai mkataba huu hauna usawa. Wao wanakuja kwetu, na sisi tunawaona wakija. Nawauliza, kuna usawa gani unaozidi huo?" Makofi yalipigwa sana, hasa na wale waliopangiwa kupiga.

Katika kile kikundi cha ngoma alikuwemo mjane mmoja wa mtaa wa Kichangani, Bi Mwanakheri, mpiga chapuo. Kila Jumamosi ndege ya watalii ilipotua, yeye na wenzake waliwachezea wageni pale mlangoni. Na alipiga kwa moyo wote, maana mwanawe wa pekee, Shaweji, alikuwa hukohuko Neemani kwa kibali cha kazi, akiosha vioo vya maghorofa. Bi Mwanakheri alijiambia kwamba akiwapokea vizuri watu wa kule, na mwanawe atapokewa vizuri. Mama yeyote angefanya hesabu hiyo.

Kisha simu ikaja. Kamba ilikatika, Shaweji akaanguka. Aliyepiga alikuwa kijana aliyefanya naye kazi, na alilia kuliko alivyosema. Kesho yake simu ikaja tena: manispaa imekwisha kumzika, kwa sababu Neemani ni nchi safi, haipendi mgeni akae mochwari bila shughuli.

Sasa lazima niwaeleze kidogo mambo ya Kichangani. Pale mtu akifariki, mikeka hutandikwa nyumbani kwake, na majirani huja kukaa matanga. Mikeka hiyo haianuliwi mpaka mtu wa damu ya marehemu asimame mbele ya watu aseme, "Nimemwona alipolala." Ni maneno hayo tu. Kwa kawaida husemwa siku ya tatu, watu wakanywa kahawa wakatawanyika. Lakini Shaweji amelala ng'ambo, baba yake alikwisha kutangulia, na damu yake iliyobaki duniani ni mama yake peke yake.

"Basi nitakwenda," alisema Bi Mwanakheri. "Nimwone alipolala, nirudi. Sitaki hata kulala huko."

"Nenda, shoga," akamjibu Bi Kidawa, jirani yake na mwimbishaji wa kile kikundi cha ngoma. "Sisi tuko hapa mikekani. Tutakungoja."

*

Ubalozi wa Neemani ulikuwa na dirisha moja, na nyuma ya dirisha afisa mmoja aliyekingwa na kioo kinene hata watu wakamwita Bwana Kioo. Hakuwa mtu mbaya. Alijifunza lugha ya nchi ile vizuri, na alikataa watu kwa heshima kubwa.

"Madhumuni ya safari?" akauliza kupitia tundu la sauti.

"Msiba, baba."

Bwana Kioo akatazama upande huu, akatazama upande ule. "Msiba haupo, mama. Kuna matembezi, kuna biashara, kuna masomo."

"Kwani kwenu watu hawafi?"

"Wanakufa, mama. Lakini si kwa viza."

Bi Mwanakheri akafikiri. Biashara hana, masomo yalimpita zamani. "Basi niandikie matembezi."

"Matembezi ni furaha," akasema Bwana Kioo kwa upole. "Sheria yetu iko wazi. Mgeni wa muda mfupi aje na furaha yake, aondoke na furaha yake. Wataalamu wamechunguza wakaona kwamba mtu mwenye huzuni akifika Neemani hukaa chini, na akishakaa chini, kumwinua ni gharama. Nenda mama, rudi ukiwa umefurahi. Utapimwa."

Ng'ambo ya barabara, kwa bahati njema tu, palikuwa na Chuo cha Maandalizi ya Furaha, mali ya shemeji wa Waziri wa Safari. Mwalimu wake alikuwa Bwana Lusekelo, mtu mrefu, sura yake kama ya aliyefiwa asubuhi hiyohiyo. Yeye mwenyewe alinyimwa viza mara nyingi, na kwa sababu hiyo alijua kila kosa.

"Mama, usicheke kwa meno ya mbele tu, watadhani unaomba," alimfundisha. "Usicheke sana nako, watadhani unahamia. Wakitaja maporomoko ya maji, fungua macho. Wakitaja makumbusho, shika kifua. Na wakikuuliza una nani Neemani, sema huna mtu. Hapo ndipo wengi wanapoangukia."

"Lakini nina mtu."

"Una kaburi, mama," akasema Bwana Lusekelo, kisha akaona haya, akageuka akapangusa ubao ambao haukuwa na kitu.

Nyumbani, matanga yalikuwa yakiendelea. Mwanzoni watu walilia kama kawaida. Baadaye, kwa kuwa maisha hayangoji ubalozi, mafundi cherehani walileta vyerehani vyao mikekani, watoto wakafanyia hapo kazi za shule, na posa moja ikapokelewa palepale kwa sauti ya chini. Migongo iliwauma, lakini hakuna aliyeondoka. Utaondokaje, na maneno hayajasemwa?

Kila alasiri Bi Mwanakheri aliketi katikati yao akafanya mazoezi ya kucheka, nao wafiwa wakamsahihisha.

"We Mwanakheri, hicho ni kicheko au umekwamwa na mwiba?" Bi Kidawa alimkaripia. "Hebu toa kingine, kitoke tumboni."

Akatoa kingine. Mzee mmoja aliyekuwa akilia kimya pembeni akainua kichwa, akasema hicho kidogo kina afadhali, akarudi kulia.

Siku moja Bi Mwanakheri alishindwa. Akajifunika uso kwa kanga. "Kidawa, wananifundisha kufurahi na mwanangu amekufa. Mimi ni mama gani?"

Bi Kidawa, ambaye ulimi wake ulikuwa unaogopwa mtaa mzima, alimsogelea. Alimkumbatia, akamwacha alie mpaka bega la gauni lake likalowa. "Cheka tu, ndugu yangu," akamwambia mwishowe. "Ukifika pale alipo utalia kwa ajili yetu sote."

*

Siku ya kupimwa, Bi Mwanakheri alivaa kanga ya kuazima, ya manjano, yenye mananasi. Bwana Kioo alimkaribisha, akamuuliza atakwenda kuona nini.

"Maporomoko ya Mfalme," akasema Bi Mwanakheri akafungua macho. "Makumbusho ya Saa." Akashika kifua. "Na uwanja wa njiwa."

"Njiwa hapa hakuna?"

"Wapo, baba. Ila hawajapewa uwanja."

Bwana Kioo akaandika kitu kwa kuridhika. "Sasa tafadhali, onyesha furaha."

Bi Mwanakheri akacheka kicheko cha chuoni. Kilitoka kikavu, kikaishia njiani. Akajaribu cha pili, kikawa kibaya kuliko cha kwanza. Bwana Kioo akasikitika, akanyoosha mkono polepole kuuchukua muhuri mwekundu.

Ndipo Bi Mwanakheri alipoliona lile doa. Kwenye kioo, usawa wa macho yake, mwombaji fulani alikuwa ameegemeza paji la uso, akaacha alama ya mafuta. Na kupitia alama ile sura ya Bwana Kioo ilivimba, ikapinda, pua ikakaa shavuni.

Alimkumbuka Shaweji, mdogo hata hajaanza shule. Kuamkia sikukuu alitaka kumfurahisha mama yake kwa kusafisha kioo cha nyumbani. Akaona mafuta ya nazi yanang'arisha nywele, yanang'arisha miguu, basi akakipaka kioo chote mafuta ya nazi. Asubuhi Bi Mwanakheri amekwenda kujitazama, anakutana na jitu lisilo na pua, akapiga ukelele mpaka majirani wakaja na fimbo. Na yule mtoto kasimama na kopo la mafuta mkononi, anajivunia kazi yake. Na huyohuyo ndiye aliyekuja kuajiriwa Neemani aoshe vioo!

Kicheko kikampanda kutoka huko chini. Akacheka, akashika ukingo wa dirisha, akacheka mpaka machozi yakamtoka na mananasi ya ile kanga yakatikisika. Foleni nyuma yake ikaanza kucheka bila kujua inacheka nini. Mlinzi akacheka. Bwana Kioo mwenyewe akavua miwani, akacheka nyuma ya kioo chake bila kusikika. Akauweka chini muhuri mwekundu, akachukua wa kijani.

"Tangu nihamishiwe hapa sijaona furaha safi kama hii," akasema akipangusa macho. Mkono wenye muhuri ulikuwa tayari hewani. "Hebu niambie mama, umekumbuka nini?"

Bwana Lusekelo alikuwa amemfundisha. Huna mtu, sema huna mtu. Lakini hilo Bwana Lusekelo alilipata kwa kunyimwa kwake. Kichangani mama hamkani mwanawe. Awe mwizi, awe mlevi, awe chini ya udongo, akiulizwa atasema ni wangu. Na Bi Mwanakheri alikuwa ameshiba furaha, hakuwa na hadhari tena.

"Nimemkumbuka mwanangu Shaweji."

"Vizuri sana. Yuko wapi?"

"Yuko kwenu."

Mkono ukasimama. "Anarudi lini?"

"Harudi, baba," akasema Bi Mwanakheri. "Mmemzika."

Bwana Kioo akashusha mkono. Akafungua kitabu kinene cha sheria, akasoma, akapiga simu ndani, akasikiliza, akasoma tena. Alipoinua uso alikuwa na huzuni ya kweli, nami sitamsingizia.

"Pole sana, mama. Kumbe una jamaa wa karibu Neemani, anakaa kule moja kwa moja, na hana nia ya kurudi. Mwombaji wa namna hiyo huvutwa abaki. Hiyo ni sababu ya kwanza kabisa ya kukataa."

"Nivutwe na maiti?"

"Sheria haikutofautisha, mama." Akagonga muhuri mwekundu, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Lakini furaha yako ni nzuri mno. Itunze."

Bi Mwanakheri alirudi Kichangani kwa miguu. Mikekani watu wote walimtazama, na vyerehani vikanyamaza. "Wanasema nitabaki huko," aliwaambia, kisha akaketi chini, na siku ile alilia kilio ambacho hakuna chuo kinachofundisha. Hakuna aliyeigusa mikeka.

*

Jumamosi ziliendelea kuja, na ndege ya watalii pamoja nazo. Bi Mwanakheri alirudi kwenye chapuo lake. Aliwatazama wageni wakishuka na kofia zao pana, akawaza kwamba labda yupo mmoja wao aliyepita karibu na lile kaburi, labda viatu hivi vimekanyaga udongo wake. Siku moja, wakati wa kumvisha bibi mmoja shada la maua, alishindwa kujizuia. "Dada, makaburi ya wageni kwenu yako upande gani?" akamnong'oneza.

"Jambo!" akajibu yule bibi kwa furaha kubwa, akamshika mkono.

Haikupita muda, Wizara ya Utalii nayo ikapata habari za mikeka ya Kichangani. Bango likasimamishwa pale njiani: MATANGA MAREFU KULIKO YOTE. Mabasi yakaanza kuleta wageni. Waziri wa Safari alifika mwenyewe, akavua viatu, akawapongeza wafiwa kwa uvumilivu, akawaomba, kwa maslahi ya taifa, walie zaidi siku za Jumanne na Jumamosi. "Nchi nyingine zina dhahabu," akasema. "Sisi tuna nyinyi."

"Na wewe tunaye," akajibu Bi Kidawa. Waziri akashukuru.

Mvua zikaja zikapita, zikaja nyingine. Ndipo Bi Mwanakheri alipoitwa ubalozini. Hakuambiwa ni kwa nini. Aliazima tena ile kanga ya mananasi. Mwili ulikuwa umepungua, ikamzunguka mara mbili. Alipofika dirishani, kabla hajaulizwa lolote, alianza kucheka.

"Usicheke, mama," akasema Bwana Kioo akitazama meza. "Leo si lazima."

Bi Mwanakheri akakikatisha kicheko, akaikaza kanga.

"Manispaa imekagua makaburi ya wageni. Mwanao aliingia kwa kibali cha kazi. Kazi ilikwisha siku ile alipoanguka. Tangu hapo yupo pale bila kibali. Kwa kifupi, mama, amezidisha muda."

"Baba, si ulinambia mwenyewe kwamba anakaa moja kwa moja? Si ndicho ulichoninyimia?"

"Lile lilikuwa dirisha la viza," akaeleza Bwana Kioo. "Hili ni dirisha la kuondoa watu." Dirisha lilikuwa lilelile, doa la mafuta lingalipo. Yeye alikuwa amesogeza kiti kidogo tu. "Atarudishwa kwa ndege ya Jumamosi. Na hataruhusiwa kuingia Neemani tena kwa miaka mitano."

"Miaka mitano," akarudia Bi Mwanakheri.

"Akiwa na tabia nzuri, yaweza kupunguzwa."

*

Jumamosi ndege ilitua, akina mama wakapanga mstari. Watalii walitoka kwa mlango mkubwa wakicheka, wakavishwa maua, wakapiga picha, wakapita bila kuulizwa neno. Bi Mwanakheri alipiga chapuo mpaka wa mwisho wao akapita, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoahidi. Kisha, kwa mlango mdogo wa mizigo, likatoka sanduku la mbao juu ya kigari, katikati ya masanduku ya nguo za wageni.

Chapuo lilinyamaza. Bi Kidawa, bila kuambiwa na mtu, akachukua shada la maua lililobaki mkononi mwake, akaenda akaliweka juu ya mbao. Akina mama wengine wakafuata, wakasimama pande zote mbili za kile kigari. Wimbo wa kupokea wageni haukufaa, na wimbo mwingine haukuja. Wakaanza kukisukuma kigari kuelekea nje.

Lakini ofisa wa uwanja akawazuia. Wageni wa Neemani hawaulizwi, hilo sote tunalijua, ila Shaweji alikuwa raia, na raia lazima aulizwe.

"Huyu anatoka wapi?"

"Neemani."

"Amekuja kwa muda gani?"

Bi Mwanakheri aliweka kiganja chake juu ya sanduku, karibu na maua. "Amekuja kukaa," akasema.

Ofisa akatafuta pa kuandika jibu hilo, hakupaona. Akawafungulia njia.

Walimzika jioni ileile, nyuma ya msikiti wa Kichangani. Kisha watu wakarudi mikekani, wakakaa kimya, kila mmoja akimtazama mama wa marehemu. Bi Mwanakheri akasimama. Ikabidi aanze mara mbili.

"Nimemwona alipolala," akasema.

Mikeka ikaanuliwa. Waliosahau kusimama wakainuliwa na wenzao. Vyerehani vikabebwa, kahawa ikanywewa, na mmoja mmoja wakambusu kichwa wakaenda zao majumbani, walikokuwa hawajalala kwa muda mrefu. Bi Kidawa alitaka kubaki naye. "Nenda, shoga," akaambiwa. "Mgongo wako nao unataka kitanda."

Nasikia wiki iliyofuata basi la watalii lilifika, likakuta sakafu tupu, na wageni wakaandika malalamiko. Wizara inayashughulikia.

Lakini siku ile, nyumba ilipokwisha kuwa tupu, Bi Mwanakheri alikwenda jikoni akachukua kopo la mafuta ya nazi. Akakipaka kile kioo cha nyumbani, chote, mpaka pembeni, kwa uangalifu kama mtu anayefanya kazi ya kujivunia. Akasogea kujitazama. Jitu lisilo na pua likamtazama.

"Shaweji!" akaita. "We mtoto, umenifanyia nini kioo changu?"

Akangoja kicheko, cha mwanawe au hata chake mwenyewe. Alingoja sana.